Kabla ya Kumlipa Ajenti: Jibu kwa Mwanafunzi wa Mwaka wa Pili Maseno

Swali: "Mwalimu, pokea salamu kutoka Chuo Kikuu cha Maseno. Mimi ni msichana wa mwaka wa pili, ninasoma sayansi ya mazingira, na wastani wa alama zangu ni 63. Baba alifariki, mama anauza samaki soko la Kibuye, na mimi nasoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu. Kuna ajenti mjini Kisumu ameniambia nikilipa shilingi 90,000 atanitafutia nafasi Canada nikamalizie shahada yangu huko, eti kibarua cha jioni kitanilipia karo. Wajomba wamekubali kufanya harambee mwezi ujao. Natamani sana kusoma na watu wa nchi nyingine, lakini moyo unasita. Je, nilipe? Na kama sivyo, mtu kama mimi aanzie wapi?"

Binti yangu, usilipe. Nenda kwa wajomba zako wiki hii, kabla kadi za harambee hazijachapishwa, uwaombe wasubiri. Sikwambii hivyo kwa sababu nadhani kila ajenti ni mwizi. Wapo wanaofanya kazi yao sawasawa. Nakwambia hivyo kwa sababu hesabu ya safari hii haikubali, na afadhali uione sasa kuliko kuiona mbele ya afisa wa viza.

Ada ya serikali ya Canada ya kuomba kibali cha masomo ni dola 150 za Canada, na ya kuchukuliwa alama za vidole ni dola 85. Zote pamoja ni kama shilingi 22,000. Chuo nacho kina ada yake ndogo ya maombi, nayo unailipa wewe mwenyewe moja kwa moja kwenye tovuti yake. Sasa muulize ajenti zile nyingine ni za kazi gani. Umuulize pia kama ana leseni, maana sheria ya Canada inasema anayelipwa kukushauri au kukuwakilisha katika mambo ya viza lazima awe mwanasheria aliyesajiliwa huko, mthibitishaji wa Quebec, au mshauri aliyesajiliwa na chombo kinachosimamia washauri wa uhamiaji. Majina ya waliosajiliwa yamo kwenye orodha ya wazi ambayo unaweza kuisoma kwa simu yako. Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba vyuo vingi vya nje huwalipa maajenti kamisheni kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Kwa hiyo chuo atakachokupendekezea huenda kikawa kile kinachomlipa vizuri, na wala si kile kinachokufaa wewe.

Lakini 90,000 ni mlango tu. Tangu Septemba 2025, mwanafunzi mmoja anayeomba kibali cha kwenda Canada anatakiwa kuonyesha dola 22,895 za kujikimu kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni mbili. Hapo bado karo ya mwaka wa kwanza, bado tiketi ya ndege. Hicho kibarua cha jioni kinaruhusiwa, saa 24 kwa wiki wakati wa masomo, ila afisa wa viza hahesabu mshahara ambao hujaanza kuupata. Anataka kuona fedha zilizopo leo. Tena tangu Januari 2024 Canada imeweka kikomo cha idadi ya vibali vya wanafunzi wa kigeni, kwa hiyo njia yenyewe imebanwa kuliko zamani. Na miaka yako miwili ya Maseno je? Chuo cha huko ndicho kitakachoamua kozi gani zihesabiwe, moja baada ya moja, na mara nyingi mtu hujikuta amerudishwa nyuma mwaka mzima au zaidi. Utakuwa umeacha shahada inayolipiwa na HELB ili uanze nyingine ambayo hakuna anayeilipia.

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mitaani Eldoret kwa sababu ya mpango wa masomo ya Finland na Canada uliopitia kaunti ya Uasin Gishu. Wengine walikuwa wameuza ng'ombe na vipande vya shamba. Kuna watoto ambao hawakusafiri kamwe, na kuna waliofika Finland wakakuta karo yao haijafika chuoni. Mambo hayo yalifika bungeni na mahakamani. Wale wazazi hawakuwa wajinga. Waliamini kwa sababu aliyewaambia alikuwa na ofisi na mhuri. Funzo ninalolichukua hapo ni la kiutendaji: karo hulipwa na mwanafunzi kwa akaunti ya chuo, baada ya barua ya kukubaliwa, na barua hiyo huthibitishwa kwa kukiandikia chuo chenyewe kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yake. Mtu wa katikati hana haja ya kuzishika fedha hizo.

Najua wajomba zako watasema kwamba hata enzi za Tom Mboya, yule mwanasiasa aliyewapeleka vijana kusoma Marekani, watu walichanga. Ni kweli, na ni historia ya kujivunia. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani, na mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000 ili wengine waende. Upande wa pili Jaramogi Oginga Odinga alikuwa akiwatafutia vijana nafasi Urusi na Ulaya Mashariki. Lakini angalia mpangilio wake. Mwanafunzi wa Mboya alikuwa na nafasi chuoni, mara nyingi na msaada wa karo, kabla kijiji hakijachanga. Mchango ulikuwa wa nauli, nguo za baridi na kianzio. Wewe unaombwa uchangiwe ili mtu akaanze kutafuta nafasi. Waeleze wajomba tofauti hiyo kwa upole, wataielewa. Na uwaombe utayari wao usipotee, maana siku utakayopata barua yenye ufadhili utahitaji pasipoti, viza na begi, na hapo harambee itakuwa na kazi.

Sasa nije kwenye sehemu ya pili ya swali lako, ambayo ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa urefu. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi za uhusiano wa kimataifa za vyuo vya huku magharibi, na kitu kinachoniuma ni kuona wanafunzi wazuri wakitafuta dunia mbali huku wakiipita njiani.

Kwanza ujue fedha ziko wapi. Ufadhili mkubwa unaousikia, karibu wote ni wa shahada ya uzamili na uzamifu. Kwa shahada ya kwanza upo kidogo: Uturuki na Hungaria huwapa ufadhili kamili wanafunzi wa kigeni, Wakenya wakiwemo, na Japani pia kupitia ubalozi wake. Lakini huko ungeanza mwaka wa kwanza upya, na Uturuki ungeanza na mwaka wa lugha. Mimi nisingekushauri uvunje shahada iliyofika katikati kwa ajili hiyo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ana mambo mawili ya kufanya: kutafuta safari fupi akiwa bado mwanafunzi wa Maseno, na kujenga rekodi itakayompa uzamili unaolipiwa.

Safari fupi ni ile ya kubadilishana wanafunzi. Chuo chako na chuo cha nje hutiliana saini mkataba, wewe unaenda muhula mmoja au mwaka, unasoma kozi kadhaa, kisha unarudi na alama zako zinaingizwa kwenye transkripti, yaani rekodi ya matokeo yako, ya nyumbani. Karo unaendelea kulipa nyumbani tu, ile ya huko husamehewa. Mipango ya Umoja wa Ulaya ya Erasmus+ huongeza posho ya kila mwezi na nauli. Ipo pia mipango ya kubadilishana kati ya vyuo vya Afrika vyenyewe, inayolipiwa na Umoja huohuo wa Ulaya, ingawa hiyo kwa kawaida ni ya uzamili na uzamifu, na vijana wengi hawaitaki. Wao wanataka theluji. Mwanafunzi wa mazingira anayepata miezi sita Ghana au Afrika Kusini amepata kitu kikubwa.

Huku kwetu mikataba ya namna hiyo ina historia ndefu. Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani, walianza kushirikiana mwishoni mwa miaka ya 1980, na ule uhusiano ndio uliokua ukawa AMPATH, mpango wa afya wa vyuo hivyo pale Eldoret. Wanafunzi wa udaktari wa Moi wameenda Indiana na wa Indiana wamekuja wodini Eldoret miaka yote hiyo. Chuo Kikuu cha Egerton, pale Njoro, kina uhusiano wa muda mrefu na Chuo cha Kilimo cha Nanjing, China, na taasisi yao ya Confucius, yaani kituo cha lugha na utamaduni wa China, ndiyo ya kwanza duniani kuelekezwa kwenye kilimo. Hakuna ajenti aliyekuwa katikati ya hayo.

Kwa hiyo nenda kwenye ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako, usiishie kwenye ubao wa matangazo. Waulize maswali matatu: mikataba ipi iko hai mwaka huu, ipi ina nafasi za shahada ya kwanza, na ipi ina fedha. Nasisitiza neno hai kwa sababu kabati za vyuo vyetu zimejaa mikataba iliyopigiwa picha siku ya kutiwa saini kisha ikalala. Wakikwambia hakuna, nenda idarani. Mara nyingi mhadhiri mmoja ana mradi na wenzake wa Ulaya au Marekani ambao ofisi kuu haiujui, na ndani ya bajeti ya mradi huo kuna kifungu cha wanafunzi. Nimeona nafasi zikirudishwa bila mtu kwa sababu hakuna mwanafunzi aliyeuliza.

Ukipata nafasi, kuna jambo moja usilifanyie mzaha. Kabla hujapanda ndege, hakikisha mna karatasi inayotaja kozi utakazosoma huko na kozi za hapa zitakazohesabiwa badala yake, imesainiwa na mkuu wa idara, mkuu wa kitivo na msajili wa masomo. Ahadi ya mdomo haitoshi, hata ikiwa ya profesa. Wanafunzi wanaorudi bila karatasi hiyo hulazimika kurudia muhula, na HELB haiongezi mwaka kwa sababu ulikuwa Uholanzi. Waandikie HELB pia kabla ya kuondoka.

Sasa sikiliza hili la nyumbani, kwa sababu hapa ndipo wewe una bahati kuliko mwanafunzi wa Helsinki.

Umeandika kwamba mama anauza samaki Kibuye. Basi umekua ukisikia bei ya mbuta, ngege na omena zikipanda na kushuka, umesikia mizigo ya ngege kutoka China, umeona gugumaji likifunga ghuba hadi mashua zikashindwa kutoka, umesikia wenye vizimba vya kufugia samaki ziwani wakilia kwamba samaki wote wamekufa kwa usiku mmoja. Vifo hivyo vya vizimbani mara nyingi hutokea maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapopanda juu. Kuna watafiti wanaovuka bahari kuja kuuliza maswali ambayo wewe uliyasikia mezani ukila. Ajenti hajui kwamba hilo lina thamani. Kamati ya ufadhili inajua.

Na taasisi za kimataifa ziko hapa hapa. Vuka ziwa uende Mbita, kaunti ya Homa Bay. Pale kuna kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Mbita ndiko ulikokuzwa ule mfumo wa kupanda mmea wa desmodiamu katikati ya mahindi ili kuwafukuza funza wa mabua na kulidhibiti gugu la striga, lile ambalo Waluo huliita kayongo, na nyasi pembeni ili kuwavuta funza hao nje ya shamba. Kazi hiyo ilifanywa pamoja na watafiti wa Rothamsted, Uingereza. Mwaka 2020 watafiti wa ICIPE na wa Chuo Kikuu cha Glasgow walitangaza kwamba mbu wa kandokando ya ziwa letu wana kijidudu fulani, Microsporidia MB, kinachomzuia mbu asisambaze vimelea vya malaria. Habari hiyo ilisomwa dunia nzima, na mbu wenyewe walikuwa wa huku.

Kisumu nayo ina KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, pale Kisian, ambako Wakenya na kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani wamekuwa wakishirikiana tangu 1979. Ina kituo cha KMFRI cha utafiti wa uvuvi na maji. Watu wa nchi nyingi hupita katika vituo hivi. Wewe una atachimenti, yale mafunzo ya kazini, inayokuja mwaka wa tatu, na naomba usiipoteze kwenye ofisi ya kaunti ukipanga mafaili kwa sababu ni karibu na nyumbani. Andika barua sasa, miezi minane kabla. Taasisi hizi hupokea barua nyingi, kwa hiyo yako isiwe ile ya kunakili inayosema naomba nafasi katika kampuni yako tukufu. Soma kazi ya mtafiti mmoja wa pale, hata makala moja tu, kisha mwandikie kwamba umeisoma, taja jambo moja ndani yake lililokugusa kuhusu ziwa, na useme ungependa kusaidia hata kwa kuosha vyombo vya maabara na kuingiza takwimu. Huko ndiko utakakoketi meza moja na mwanafunzi wa uzamifu kutoka Ujerumani na mwingine kutoka Ethiopia, bila viza.

Halafu kuna Uganda. Kenya ina asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria, sehemu nyingine yote iko Uganda na Tanzania. Mtu anayetaka kuwa mtaalamu wa ziwa hili na hajawahi kuliona kutoka Jinja ana pengo. Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho tu, na kutoka Kisumu hadi mpaka wa Busia ni safari ya matatu ya asubuhi moja. Jinja kuna makao ya shirika la uvuvi la ziwa hili, lililoundwa na nchi hizo tatu kwa mkataba wa 1994, na kuna taasisi ya taifa ya Uganda ya utafiti wa samaki. Chama cha wanafunzi wa idara yenu kinaweza kuandika barua, kikakodi matatu, mkakaa huko siku mbili. Safari ya namna hiyo ni masomo ya kimataifa kamili, na utashangaa ni wachache kiasi gani wanaoweza kuiandika kwenye maombi yao.

Nakutajia haya yote kwa sababu najua jinsi maombi yanavyosomwa. Kwenye meza ya kamati kuna mamia ya barua zinazosema tangu utotoni nimependa mazingira. Msomaji amechoka. Kisha anakutana na mtu anayesema: nilikaa miezi mitatu kwenye kituo fulani nikipima oksijeni kwenye vizimba, niligundua wafugaji hawana kipimo cha bei nafuu, nataka kusoma ili nitengeneze utaratibu wa kuwaonya mapema. Huyo anasomwa hadi mwisho. Anajua anataka nini, na amekwisha kuanza bila fedha zao. Nchi ya kusomea inakuja baada ya swali hilo, kwa kuangalia ni nani anayelifanyia kazi.

Na hapo utahitaji barua za waamuzi. Ufadhili mwingi huomba mbili au tatu. Darasani mko wengi, na mhadhiri anayekujua kwa namba ya usajili tu atakuandikia barua ya sentensi nne ambayo haitakusaidia. Chagua wahadhiri wawili sasa. Nenda na swali la kweli baada ya kipindi, omba kusaidia kwenye utafiti wao, peleka kazi kwa wakati. Usiende kujipendekeza, watu hawa wanatambua. Ikifika wakati wa kuomba barua, mpe mwezi mzima, mpe transkripti na wasifu wako, na mkumbushe mlifanya nini pamoja. Tafadhali sana usikubali kuiandika barua hiyo mwenyewe ili yeye atie saini. Ni desturi mbaya iliyoenea vyuoni kwetu, na wasomaji wa barua huitambua kwa lugha.

Alama zako, 63, ziko kwenye daraja la pili la juu. Hizo zinatosha, na ningependa zifike 66 au 67, lakini usiziuzie uhai wako. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kusoma uzamili Uingereza huomba angalau daraja hilo la pili la juu, na ule wa pamoja na vyuo huwalenga hasa watu ambao wasingeweza kumudu Uingereza kwa fedha zao. Erasmus Mundus, uzamili wa pamoja wa vyuo vya Ulaya, hutoa euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24, unasoma katika nchi mbili au zaidi, na unaweza kuomba ukiwa mwaka wa nne mradi umalize kabla masomo hayajaanza. Kila programu ina tarehe zake, nyingi kati ya Oktoba na Januari, na unaomba programu yenyewe moja kwa moja. Wewe wa maji na samaki angalia pia Ubelgiji: kuna uzamili wa bahari na maziwa unaoendeshwa na vyuo vya Brussels, Ghent na Antwerp, na ule wa ufugaji wa samaki wa Ghent, ambazo kwa miaka mingi zimepokea Waafrika kwa ufadhili wa Ubelgiji. Mfuko wa Mastercard nao, tangu 2012, umekuwa ukifadhili vijana wa Afrika wenye uwezo wa kielimu na mfuko mtupu, katika vyuo vya nje na vya Afrika.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, na ile mipango ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wasomi, inayohusu maendeleo ziache kwanza. Zote zinataka uwe umefanya kazi miaka miwili. Chevening huhesabu saa 2,800, na unaweza kujumlisha kazi za muda na za kujitolea, kwa hiyo weka kumbukumbu ya kila kazi utakayofanya, pamoja na jina la aliyekusimamia. Ujerumani ina sifa ya kutotoza karo katika vyuo vingi vya umma, na ni kweli, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza euro 1,500 kwa muhula kwa wasiotoka Ulaya, na asiye na ufadhili kwa kawaida hutakiwa aweke euro 11,904 kwenye akaunti maalumu kabla ya viza. Anayekwambia Ujerumani ni bure hajakumalizia sentensi.

Kwa upande wa karatasi, nitakwenda mbio. Pasipoti iombe mapema kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, alama za vidole utatoa ofisi ya uhamiaji hapo Kisumu. Kabla ya hapo linganisha jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha KCSE cha kumaliza sekondari na rekodi za chuo. Herufi moja tofauti, au jina la baba lililoachwa, ni viza iliyochelewa, na kurekebisha huchukua miezi. Kama cheti chako cha KCSE bado kiko shuleni kwa sababu ya deni la karo, kakidai: sheria ya KNEC, baraza la mitihani la taifa, haimruhusu mtu yeyote kumzuilia mtahiniwa cheti chake. Mtihani wa Kiingereza kama IELTS ni ghali, usiulipie mpaka programu fulani iutake. Vyuo vingi hukubali barua ya msajili inayosema umesomeshwa kwa Kiingereza, nayo Maseno watakuandikia.

Kitu kingine, maana najua kitakujia. Watu watakwambia ukienda usirudi. Mimi sitakuamulia. Ila ukitaka kurudi, kabla ya kukubali chuo chochote angalia kama shahada yake itatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kama fani yako ina bodi, uliza bodi hiyo. Wangari Maathai alipata shahada ya kwanza Kansas mwaka 1964, ya uzamili Pittsburgh, akapitia Ujerumani, lakini uzamifu wake wa 1971 ni wa Nairobi. Alikwenda na kurudi, na kila mahali alichukua kilichokuwepo. Njia yako nayo inaweza kuwa na sehemu za nyumbani na za nje, hata mkopo wa HELB unaweza kuanza kuulipa ukiwa huku au kule, mradi usiukimbie.

Kuhusu mama. Atakuwa na wasiwasi kwamba unaiacha nafasi ya Canada ikupite. Mketishe, mwonyeshe hizi tarakimu za dola na shilingi kwa maandishi, yeye ni mfanyabiashara, hesabu ataielewa haraka kuliko wajomba. Mwambie pia kuhusu Mbita. Huenda anawafahamu wavuvi na wenye vizimba ambao mtafiti wako wa baadaye angelazimika kuwatafuta kwa mwaka mzima.

Wiki hii basi: wajomba, ofisi ya uhusiano wa kimataifa na maswali yale matatu, halafu barua moja kwa kituo kimoja. Ukimaliza kuiandika, mpe mhadhiri aisome kabla hujaituma. Akikosekana, nitumie mimi, nitaisoma na kukurudishia ikiwa na marekebisho.